Jogoo wa Refa

Kwa aliyekuwa safarini: mimi ni Bartolomayo Ndahani wa Miyuji, mlinzi mstaafu wa ghala la nafaka. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, wakati wenzangu wakimaliza pombe. Wiki iliyopita niliishia pale waliponivua ukatibu wa kanisa na kumkabidhi kijana mwenye kompyuta, ambaye hawezi kusoma tangazo la ndoa bila kucheka. Kabla ya hapo walikuwa wameshaning'oa kwenye kamati ya maji. Maji yenyewe hayajatoka tangu siku hiyo, lakini hilo halimkeri mtu.

Nikabaki na furaha zangu ndogo za wiki.

Ijumaa, supu ya mbuzi kwa jirani yangu Zaidi, mapema, kabla hajaanza kuiongeza maji. Jumamosi, kinyozi, ambaye ni mjinga lakini ana mkono mwepesi. Na Jumapili, timu yetu ya Nyika Stars ikiwa nyumbani, mpira.

Watu wengine huenda uwanjani kutazama mpira. Mimi nilikwenda kumtukana refa.

Msinifananishe na vijana wa siku hizi, ambao tusi lao lote ni kutaja mama wa mtu. Tusi langu ni la mtu aliyesoma. Nilikuwa nasimama jukwaa la jua, ngazi ya tatu, nasubiri kelele zitulie, kisha nasema taratibu: "Mwamuzi, wewe ni kosa la mpiga chapa." Au: "Hiyo filimbi ulikabidhiwa, au uliikuta njiani?" Jukwaa zima linakufa kwa kicheko. Watu walikuwa wanahama viti vya kivuli kuja kuungua jua karibu yangu. Waliniita Profesa. Sikuwakataza.

Kwa sifa hiyo, mwaka jana timu ikaniingiza katika baraza lake la wazee. Kazi ya baraza ni kukalia viti vya plastiki na kunywa soda za moto. Hata hivyo ni cheo, na vyeo vilikuwa vimeanza kunipungukia.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyokipoteza hicho nacho, pamoja na mambo mengine makubwa zaidi.

Jumamosi mchana, binti yangu Priska aliingia uani akiwa ameshika simu, uso unameremeta kama amepaka mafuta.

"Baba, Kulu anakuja."

Kulu ni Kuluthumu, rafiki yake tangu wakiwa hawana meno ya mbele. Mama yake, Salma, Mrangi wa Kondoa, alikuwa jirani yetu hapa Miyuji akiuza vitambaa. Akitoka kwenda minadani, mtoto alilala kwetu. Alikula kwetu, akaugulia kwetu, na akaniita Baba bila kuambiwa na mtu. Baadaye Salma alirudi Kondoa, na binti akaenda Morogoro kufundisha shule.

"Anakuja kufanya nini?" nikauliza.

"Kuchezesha mechi yenu ya kesho. Refa aliyepangwa anaumwa. Yeye ndiye wa kati."

"Wamekosa mtu hadi wanampanga mwenyeji wa hapa?"

"Wao wanamjua kama mtu wa Morogoro. Ndiko alikoandikishwa. Nani atajua alikulia jikoni kwetu?"

Nikakaa chini.

Lazima niwaeleze jambo. Watoto wa hapa walipokuwa wakicheza mpira wa makaratasi nyuma ya kanisa, Kuluthumu hakugusa mpira. Alikimbia na wenzake huku na huko, mdomoni ana filimbi ya bua la mtama. Siku moja alimtoa Priska nje kwa kushika mpira, Priska akaja nyumbani analia kama amefiwa. Nikamwita yule mtoto nimhoji.

"Wewe ukikua unataka kuwa nani?"

"Refa."

Nilicheka hadi mke wangu, Ruthu, akanikemea. Nikamwambia mtoto kwamba watu huota kuwa daktari, au rubani, au hata mbunge kama wameshindwa kazi. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeota kutukanwa na mji mzima.

Akanitazama bila kupepesa. "Wananitukana sasa hivi, Baba. Na goli linabaki goli."

Huyo ndiye aliyekuwa anakuja.

"Atapita kusalimia jioni," Priska akasema. "Kusalimia tu. Hatakiwi kukaa."

"Kwangu hapiti mtoto kama upepo," nikamjibu. "Kamata yule jogoo mwekundu."

Hapa kwetu, Mkristo akitarajia mgeni Muislamu, kuku hamchinji mwenyewe. Humwita jirani Muislamu amchinje kwa bismillahi, ili mgeni ale bila kuuliza maswali. Nikamwita Zaidi, muuza supu. Alikuja na kisu chake, na mdomo wake, ambao ni mkali kuliko kisu.

"Profesa, huyu jogoo si ndiye ulisema atakuzika?"

"Chinja, usihutubie."

"Mgeni gani mkubwa hivi? Umepata posa ya Priska?"

"Mgeni wa Ruthu."

"Muislamu?"

"Nimekuita wewe na kisu chako ili nile mimi na mchungaji?"

Akacheka, akachinja, akaondoka na shingo na miguu kama ilivyo desturi yake. Njiani, karibu na mlango wetu, alipishana na binti mrefu aliyevaa hijabu na suruali ya mazoezi. Walisalimiana. Nilimwona Zaidi akigeuka kumtazama mara ya pili. Sikulitia maanani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Morogoro hawana chakula?"

"Kipo, Baba. Wanatukimbiza sana." Alibaki amesimama. "Mama Priska, shikamoo. Mimi sikai. Nimekuja kuwaona tu, nirudi kwa wenzangu."

"Kaa," nikasema.

"Siwezi, Baba. Refa hatakiwi kukutana na mtu wa timu kabla ya mechi. Sembuse kula kwake."

"Mtu wa timu ni nani hapa? Mimi ni baba yako."

"Najua." Akatabasamu, lakini hakuketi. "Ndiyo maana nauliza kabisa, nisije nikafanya kosa. Una cheo chochote pale Nyika Stars? Kama ni ushabiki tu, nitakaa, nile. Mji mzima ni mashabiki. Ila kama una cheo, Baba, niruhusu niende. Kesho anakuja mkaguzi wa waamuzi kunitazama. Nikifanya vizuri, jina langu linapelekwa kwenye beji ya kimataifa. Nimeisubiri hiyo tangu filimbi ya mtama."

Ruthu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la ugali wa uwele. Alinitazama. Priska naye alinitazama.

Wasomaji wangu, mimi nina maneno mengi. Nimemeza kamusi nzima kwa taa ya chemli. Lakini jogoo alikuwa ameshakaangwa, mtoto alikuwa amesimama mlangoni kwangu kama mgeni wa serikali, na mimi sikuwa tayari kumwona anaondoka na njaa kwa sababu ya kiti cha plastiki na soda ya moto.

"Ruthu," nikasema, "ugali unapoa."

Kuluthumu akacheka kwa furaha, akavua viatu, akakaa.

Alikula vizuri. Alikuwa na mlenda mpaka kwenye kidole gumba, akimsimulia Priska jinsi nahodha mmoja wa Iringa alivyolia alipoonyeshwa kadi nyekundu. Walicheka hadi wakaegemeana, kama zamani. Ruthu hakucheka. Mgeni alipoondoka, alikusanya vyombo bila kunisemesha, na mke wangu akinyamaza ni heri angepiga.

"Ungemwambia," akasema mwishowe.

"Baraza la wazee si cheo. Ni kivuli cha kupumzikia."

"Mwaka jana uliponunua suti kwa ajili yake kilikuwa cheo."

Nikaenda kulala.

Jumapili uwanja ulijaa. Walikuwepo watumishi wa serikali waliohamia huku pamoja na ofisi zao, wenye miwani ya jua na maji ya chupa, wanaomuuliza jirani timu yetu ni ya jezi ipi. Walikuwepo wanafunzi wa chuo, ambao hupiga picha mpira mzima na kuondoka hawajui matokeo. Nami nikapanda jukwaa la jua na Priska kando yangu, ngazi ya tatu, mahali pangu.

Timu zikatoka. Mbele yao, mpira kiganjani, Kuluthumu.

Alikuwa amevaa nyeusi tupu, hijabu imebana kichwa, mgongo umenyooka. Akasimama katikati ya uwanja ule ambao akiwa mtoto alikuwa anauchungulia kupitia tundu la ukuta. Priska alinishika mkono wa koti na kuanza kulia waziwazi, bila haya.

"Profesa," vijana wa nyuma wakaita, "refa mwanamke. Fungua darasa."

"Leo shule imefungwa," nikasema.

"Mwalimu anaumwa?"

"Wanafunzi ndio wagonjwa."

Wakacheka, wakidhani ndiyo naanza. Wakasubiri. Sikuanza.

Mpira ukaanza, na niwaambie ukweli: yule binti alijua kazi. Mabeki wa Singida, wapinzani wetu, walikuwa majitu, mmoja ana shingo kama kinu. Alipoadhibiwa kwa faulo, lile jitu lilimfuata na kumsimamia puani, likinguruma. Kuluthumu hakurudi nyuma. Alimwacha angurume hadi pumzi ikamwishia, kisha akamwonyesha kwa kidole mahali pa kwenda kusimama. Akaenda. Jitu zima likaenda kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Kifua changu kikajaa. Miaka yote nilikuwa nadhani furaha ya uwanjani ni kumchoma mtu kwa maneno mbele za watu. Hii ilikuwa nyingine, na sikujua niiweke wapi. Nilijikuta nimekunja ngumi kila alipokimbia, kana kwamba mimi ndiye ninayemsukuma.

Kijana mmoja chini yetu akapiga kelele: "Nenda kapike."

Nilimgeukia. "Wewe uliyevaa jezi ya mdogo wako. Ndiyo, wewe. Kapika mara ngapi mama yako na bado hujajaa kwenye ngozi? Kaa chini, unamzibia jua mtu mwenye kazi nalo."

Jukwaa likalipuka. Priska alicheka huku machozi yanamtoka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutukana nikiwa upande wa refa, na nawaambia inaburudisha zaidi.

Ningekufa saa ile, ningekufa nimefurahi. Bahati yangu mbaya, niliendelea kuishi.

Mpira ulikuwa unaelekea ukingoni, hakuna bao. Mshambuliaji wetu alipiga krosi mbovu, kama anavyopiga zote, na beki mwenye shingo ya kinu akaizuia kwa mkono. Si kwamba mpira ulimgonga. Aliupiga kwa kiganja, kama anayefukuza inzi. Jukwaa zima la jua liliona, na hata wale wenye miwani waliona.

Kuluthumu akapuliza, akaonyesha penalti.

Nyika Stars wakafunga. Haukupita muda mrefu, akapuliza ya mwisho. Tulikuwa tumeshinda. Watu wa Singida wakamzunguka refa wakimtupia mikono, wakidai amehongwa. Alisimama katikati yao na mpira wake kwapani, ametulia. Pale kwenye viti vya kivuli, mkaguzi wa waamuzi alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali. Nilimwona kwa macho yangu. Priska naye alimwona, akanibana mkono.

"Amepita, Baba. Kulu amepita."

Hapo ndipo Zaidi alipopanda ngazi anahema, anamnyooshea kidole refa kule uwanjani.

"Ni yeye," akasema. "Profesa, ni yule binti wa jana. Aliyekuwa anaingia kwako."

"Zaidi, nyamaza."

"Hijabu ile ile, urefu ule ule. Na mimi najiuliza usiku kucha, huyu mzee bahili anamchinjia nani jogoo wa mbegu?" Akageuka, akawapazia sauti watu wote. "Ndugu zangu, msidhani hii penalti imeanguka kutoka mbinguni. Jogoo nilimchinja mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Huyu mzee anafanya kazi yake kimyakimya."

Nilifungua kinywa. Kabla neno halijatoka, miguu yangu ilikuwa imeshaacha ardhi.

Walininyanyua. Vijana wale wale ambao kwa miezi hawakunisalimia vizuri walikuwa wamenibeba mabegani, wananizungusha, wanaimba: Profesa katupikia refa, Profesa katupikia refa. Niliwaona watu wazima wanafuta macho kwa kicheko. Nilimwona mwenyekiti wa timu, ambaye hajawahi kukumbuka jina langu la pili, ananipungia mkono. Kwa mbali nilimwona hata yule kijana wa kompyuta aliyechukua ukatibu wangu. Alikuwa anapiga makofi.

"Baba," Priska akaita kutoka chini. Alikuwa anasukumwa na umati, kilemba kimemtoka. "Baba, waambie si kweli. Waambie sasa hivi."

Ningesema, wangesikia. Sauti yangu mnaifahamu, haihitaji kipaza.

Lakini ni nani kati yenu aliyewahi kubebwa akiwa na umri wangu? Nyie mnabebwa mkioa, na sisi hubebwa tukifa. Nikajiambia waache waimbe kidogo, nitasahihisha wakinishusha. Nikavua kofia. Nikaipunga.

Nilipoipunga, nilimwona Kuluthumu. Alikuwa bado katikati ya uwanja. Wale wa Singida walikuwa wamenyamaza, wamegeuka wote kusikiliza wimbo wetu. Naye alikuwa anausikiliza. Alinitazama mimi, kofia yangu hewani, na uso wake ukajifunga taratibu kama dirisha.

Hawakunishusha. Walikuwa wananipeleka nje, mjini, wakati mtu mwenye kitambulisho shingoni alipowazuia.

"Huyu ndiye mzee wa jogoo? Kamishna wa mchezo anamtaka."

Chumba cha kamishna kiko chini ya jukwaa la kivuli. Kina meza, viti, na harufu ya dawa ya kuchua. Nyuma ya meza alikaa Bwana Anyitike, kamishna, mtu wa Mbeya, mpole kama muuguzi, na wapole ndio wa kuogopwa. Upande mmoja alikaa Filipo, meneja wa timu ya Singida, simu imewekwa mezani, wimbo wetu ukisikika humo kwa mara ya pili. Zaidi alikuwa amesimama ukutani. Kicheko kilikuwa kimemwisha. Na kwenye kiti cha pembeni, mgongo umenyooka, Kuluthumu.

Hakuniamkia. Kwa miaka yote aliyonijua, ndiyo mara ya kwanza.

"Mzee wangu," kamishna akasema, "karibu ukae. Wewe ni mjumbe wa baraza la wazee la Nyika Stars?"

"Ni baraza la heshima tu."

"Ni mjumbe?"

"Ni mjumbe."

Kuluthumu alifumba macho, akayafumbua.

"Wageni wetu wanasema mwamuzi alikula nyumbani kwako jana."

Nikavuta pumzi. Nilikuwa nimeipanga hadithi yangu njiani. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuaminiwa: "Bwana kamishna, mashabiki ni watu wa mizaha. Hakula kwangu. Jogoo nilimla mimi na mke wangu. Nilikaa kimya walipoimba kwa sababu ya utu uzima wangu. Nilipenda kusifiwa. Niandike hivyo, kwamba mzee alikuwa anajisifu bure."

Ilinigharimu kuisema, na nilidhani gharama hiyo inatosha.

Kamishna akatikisa kichwa kwa huruma. "Huyu bwana hapa," akamwonyesha Zaidi, "anasema ulimwita akuchinjie. Wewe ni Mkristo?"

"Ni Mkristo."

"Mke wako?"

"Ni Mkristo."

"Kuku wa kula mwenyewe na mama, humchinji mwenyewe?"

Zaidi akatazama viatu vyake. "Nisamehe, Profesa," akanong'ona. "Nilidhani nakupa sifa."

"Ulidhani," nikamwambia. "Hiyo kazi ungetuachia wengine."

"Alikuwa ananilinda," Kuluthumu akasema. Sauti ile ile ya kwenye uwanja, haikupanda wala kushuka. "Nilikula kwake, kamishna. Ni nyumba niliyolelewa. Kabla ya kukaa nilimuuliza kama ana cheo katika timu. Nilisema kama anacho, niende zangu. Muulize alinijibu nini."

Filipo wa Singida akacheka puani. Kamishna hakucheka. Aliifunga kalamu, akaiweka mezani.

"Mzee, sikiliza vizuri, kwa sababu hili ni zito. Kama huyu binti alijua wewe ni kiongozi wa timu akala kwako, habari yake imekwisha. Beji aisahau, na hata hiyo filimbi aliyonayo ataiacha hapa mezani. Lakini kama aliuliza na akafichwa, kosa si lake. Ni la timu. Nyika Stars watanyang'anywa ushindi wa leo, na aliyemficha hatakanyaga uwanja wa mpira maisha yake yote. Sasa, alikuuliza?"

Nje walikuwa wanaendelea kuimba. Ukuta ulikuwa unatetemeka kwa jina langu. Walikuwa wamenisubiri, hawajatawanyika, watu ambao wakisikia nimewanyang'anya ushindi hawataniacha nifike Miyuji na koti mwilini. Na Jumapili zote zilizobaki, nitazikalia wapi?

"Mzee. Alikuuliza?"

Ndimi mimi, niliyemaliza kidato cha nne kwa chemli. Nilitafuta neno.

"Kulikuwa na mazungumzo mengi," nikasema.

Zaidi aliinua macho, akanitazama, na macho yale ya muuza supu sikuyapenda.

Kuluthumu akasimama. Akatoa filimbi shingoni, akaizungushia kamba yake, akaiweka juu ya meza mbele ya kamishna.

"Usimsumbue," akasema. "Huyu mzee ana maneno kwa kila refa nchi hii, isipokuwa mmoja. Andika kwamba nilijua."

"Binti, unaelewa unachosema?"

"Naelewa. Andika nilijua, nikala. Siwezi kukaa hapa nimsikilize akitafuta uongo wa tatu."

Kamishna akafungua kalamu, akavuta karatasi yake, akaanza kuandika jina lake: Kuluthumu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, mpole, usio na haraka.

"Mzee," akasema bila kuinua kichwa, "nikishatia sahihi, sirudi nyuma."

Nje walianza ubeti mpya. Nikainuka kwenye kiti, nikanyoosha mkono, nikauweka juu ya ile karatasi, na kalamu ikagota kwenye kidole changu.